Usukani Kwapani

Foleni ya leseni ilianzia dirishani, ikatoka mlangoni, ikapinda mpaka kwenye ngazi. Madirisha yalikuwa mengi, lililofunguliwa moja. Wakubwa wa ofisi walipita na vikombe vyao vya chai kana kwamba waliosimama pale ni ukuta.

Katikati ya foleni alisimama mshona viti vya magari, mgane wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi mbele tu, usukani wa mbao kwapani.

"Samahani kaka," sauti ya kike ikasema nyuma yake. "Gari lililobaki umeliacha wapi?"

Akageuka. Mwanamke mwenye kitambaa cha manjano kichwani, miwani ya kazi kaipandisha juu ya kitambaa, mikono ina vumbi jeupe la kioo.

"Nje."

"Na usukani umeuleta uione foleni?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Dada, gari langu ni la zamani, la mbio, la viti viwili. Kila kinachofunguka kinaibwa. Redio naichomoa, usukani nauchomoa. Na hii," akagonga mfuko wa shati, "ndiyo nati ya usukani. Bila hii haliendi."

"Ukialikwa harusini?"

"Nakaa nao mapajani."

"Kwa hiyo mkeo hana pa kukaa!"

"Mke wangu amefariki."

Kicheko kikamkatikia mdomoni. "Pole sana. Mdomo wangu hauna breki."

"Njoo nikufungie za gari langu," akajibu, akashangaa mwenyewe kusikia ametania.

Kazi ya yule mwanamke ilikuwa kuchonga namba za magari kwenye vioo na taa, ili mwizi akose wa kumuuzia. Wiki ileile gari la mgane likaegeshwa mbele ya kibanda chake, jekundu, limelala chini kama paka anayevizia. Vioo vya pembeni vilikuwa vya duara, vinang'aa. Marehemu ndiye aliyekuwa akivisugua, tangu walipolinunua gari likiwa chuma chakavu. Alipougua, lifti ya hospitali ilikuwa mbovu, na waliotakiwa kuitengeneza walikuwa semina. Mgane alimbeba mgongoni, ngazi kwa ngazi. Hakuwahi kuwasamehe.

Mchonga namba alivifungua vile vioo taratibu. Akachonga namba mbele, kisha nyingine ndogo nyuma, pale kioo kinapokalia chuma.

"Ya mbele ni ya kumtisha mwizi," akasema. "Ya nyuma ni yangu. Hata wakiifuta ya mbele, hii naijua."

Tangu hapo simu zikawa haziishi.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo wewe. Nasikia cherehani."

"Una masikio au una kamera?"

"Nina hamu ya kukuona, mpenzi. Nisemeje tena, nikuchongee kwenye kioo?"

Mshona viti akacheka peke yake karakanani mpaka sindano ikakatika.

Siku moja alikwenda kupeleka viti kwa mteja, akaegesha gari kwenye uwanja wenye bango kubwa: ULINZI WAKATI WOTE. Aliporudi, vioo vya pembeni havipo, na vifuniko vya magurudumu vimeng'olewa vyote.

"Mimi nalinda geti," mlinzi akasema. "Ndani ni kazi ya meneja."

"Meneja yuko wapi?"

"Kwao."

Akaenda kituo cha polisi, akaambiwa mwenye kuandika maelezo katoka. Akakaa kwenye benchi mpaka matako yakafa ganzi. Simu yake ilikuwa chini kabisa ya mfuko wake wa vifaa, imezimwa sauti, imelaliwa na usukani. Mwisho akakata tamaa, akaenda kwa mtu pekee aliyetaka kumwona.

Alipofika kibandani akaviona. Vioo vyake, juu ya meza ya mchonga namba, kando ya mashine ya kusagia.

"Kumbe!" akapaza sauti, wateja wakageuka. "Kumbe ndiyo maana ulitaka kujua vinafungukia wapi! Mchana unachonga, jioni unafuta!"

"Nisikilize kwanza..."

"Nisikilize nini? Wote mmeungana!"

Mchonga namba akavua miwani. Akavifunga vioo kwenye gazeti, akamsukumia. "Chukua vitu vyako. Usirudi hapa."

Alipofika nyumbani akaitoa simu mfukoni, ikawaka mkononi: muuza betri, jirani wa mchonga namba, anampigia.

"Mzee, umetuharibia. Mtu kaleta vile vioo afutiwe namba. Dada akageuza nyuma, akaiona alama yake, akamdanganya avirudie jioni. Akakupigia wewe mpaka kidole kikamuuma. Mwizi alikuwa anakuja na vifuniko kwenye gunia. Kakusikia unabwata, kageukia pale kona."

Mshona viti akaitoa simu sikioni, akatazama. Jina lilikuwa moja, limejaa skrini nzima.

Asubuhi alikuwa kibandani kabla hakijafunguliwa, usukani kwapani.

"Nilisema usirudi," mchonga namba akamwambia, akihangaika na kufuli.

"Nimekuja kuomba msamaha. Nikimaliza naondoka."

"Wakubwa hawakusikilizi, kila siku unalia. Mimi jana ulinisikiliza?"

"Sikukusikiliza. Nilikufanyia walichonifanyia."

"Mbele ya wateja wangu."

"Nitasimama hapa nimwambie kila mteja anayekuja, nimekosa. Niko tayari tangu sasa."

Mchonga namba akazungusha ufunguo, kufuli likafunguka, akaingia na kuuacha mlango wazi.

"Vifuniko vimekwenda," mshona viti akasema. "Acha viende. Wewe usiende." Akatoa ile nati mfukoni, akaiweka mezani. "Kaa nayo hii. Usukani nimeubeba peke yangu vya kutosha. Nataka kukuoa."

"Wenzako wanaleta pete."

"Pete italetwa."

Mchonga namba akaichukua nati, akaigeuza, akaichomeka kidoleni kwa mzaha. Ikaingia. Akaivuta, haikutoka. Akaivuta tena, uso umemkunjamana.

"Wewe, imeganda!"

"Tutafute sabuni?"

Akamtazama, akauchukua usukani kwapani kwake, akaupachika kwenye msumari ukutani.

"Sabuni ya nini? Kaa chini. Gari haliendi."