Gari Lililovuliwa Mapazia

Kilichoanza ni kioo. Kile kidogo cha juu, cha dereva kutazamia nyuma. Tajammul Husain alikiweka sawa jioni, asubuhi akakikuta kimegeuzwa, kinatazama dari. Akakirudisha. Kesho yake dari tena. Siku ya tatu akaingia jikoni povu linamtoka.

"Sabiha! Nani anachezea gari langu?"

"Mimi nichezee bati lako? Nimekosa kazi? Linanuka mafuta, hata kulipita nalipita mbali."

"Basi kimejigeuza chenyewe!"

"Labda kimechoka kukuona."

Nilicheka huku upande wa pili mpaka chai ikanipalia. Mie nyumba yangu ya pale Nazimabad, Karachi, imegusana na yao ukuta kwa ukuta, kikianguka kijiko kwao nakisikia. Wako wawili tu, mtoto wao Munib yuko Kanada. Lakini kicheko kile nilikuja kukijutia, jamani, ngojeni.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu mama yake Tajammul. La mwaka hamsini na mbili, jeusi, refu, pua kama ya nawabu, mwinyi wa zamani. Wanawake wa ukoo ule walikuwa wa kukaa ndani, hawaonwi na mwanaume wa nje hata ukucha. Wakitoka wanatoka na gari, na nyuma kote kumewekwa mapazia ya bluu yenye zari: dirisha la huku, dirisha la kule, na jingine kati yao na dereva. Mama alipofariki gari likafungiwa bandani na mapazia yake yameshushwa hivyo hivyo, miaka ishirini na miwili. Sasa hapa kwetu mtoto mdogo anajua: mahali pakifungwa siku arobaini pasisikie Kurani wala mguu wa mtu, pamepata mwenyewe. Na mapazia yenyewe yapo tayari! Jini wa kike mwenye heshima zake atatafuta nyumba gani nzuri zaidi ya ile?

Tajammul hakuwaza hayo. Alichowaza ni macho. Alikuwa na presha ya macho, jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia limebaki nusu, na daktari kamwambia msimu huu wa baridi ndio wa mwisho kushika usukani, tena mchana tu. Na kila Novemba chama cha magari ya zamani kinafanya msafara, Karachi mpaka Peshawar, siku tisa barabarani. Miaka kumi na minane mzee yule amesimama pembeni anawapungia wenzake. Alikuwa akisema, "Mwaka huu nipungiwe mimi. Mara moja tu, halafu Mungu azime taa akitaka."

Akamwita Fundi Gulfam, mtu wa kabila la Wapathani, mkubwa kama kabati, mikono ya dhahabu. Sheria ya chama ikasema madirisha yote yawe wazi, dereva aone nyuma. Gulfam akayang'oa mapazia. Na Tajammul, mwenye akili zake, akayachana akafutia mafuta machafu ya injini.

Nguo ya stara ya mwanamke! Akafutia mafuta!

Hapo ndipo kile kioo kilipoanza kugeukia dari, na tabu nyingine zikafuata. Gulfam anasafisha kabureta leo, injini inaimba, kesho imejaa mchanga. Plagi mpya, asubuhi zimelowa. Betri imejazwa usiku kucha, ukigusa stata inakohoa mara moja, kimya. Vioo vya nyuma vinapigwa dawa mpaka vinang'aa, ukirudi vimeingia ukungu kama bafuni, na huu ni Oktoba, Karachi inawaka, hata paka hatoki kivulini. Breki zikatolewa hewa mara nne. Mara nne! Tajammul akatupa spana ikavunja chungu cha achari cha Sabiha.

"Fundi, umenunua vifaa au takataka?"

"Mzee, nimefunga magari tangu sijaota ndevu. Gari hili halitaki."

"Gari halina kutaka! Lina injini!"

"Basi iwashe wewe."

Akajaribu. Likakohoa. Akapiga kichwa kwenye usukani, honi ikalia mpaka mwadhini wa mtaa akachungulia.

Zimebaki siku sita msafara uondoke, kukatokea lile la adhuhuri. Mtaa mzima umelala, umeme umekatika, feni zimezima. Gulfam yuko peke yake bandani, amejilaza chini ya usukani na waya mdomoni. Kwanza ikaja harufu, ya tambuu na hina, na marashi ya waridi ya kizamani, yale ambayo siku hizi hakuna anayeyauza. Akadhani Bi Sabiha kaleta chai. Halafu springi za nyuma zikalia taratibu, upande wa kushoto, kama zinavyolia mtu mzito akikaa na kujiweka vizuri, na gari likainama kidogo, na bangili za kioo zikagongana, moja baada ya nyingine, kama mtu anazipandisha mkononi, naye Gulfam hakugeuka, maana shingo ilikuwa imekufa ganzi na waya unamtetemeka kwenye meno, na pale pale nyuma ya sikio lake, karibu kiasi cha kusikia joto la pumzi, mtu akakohoa.

Kikohozi chenyewe si cha ugonjwa. Ni kile cha mwanamke wa pazia akimjulisha mwanaume wa nje: mimi nipo hapa, geuza uso wako.

Kabati lile lilitoka bandani kwa magoti. Nikalikuta ukutani kwangu.

"Khala, mama mdogo," ananinong'oneza, "mle ndani kuna mama wa watu."

"Mama gani?"

"Sijamtazama. Wallahi sijamtazama. Niwie shahidi."

Tajammul akamtafuta mganga, mwanaume, mwenye kilemba cha kijani na mdomo mwingi. Akafukiza ubani, akafungua mlango wa nyuma kwa kishindo, akaingiza kichwa. "Toka, ewe mlaaniwa!" Kofi alilopigwa tulilisikia barabarani. Kilemba kikaruka, na shavuni akabaki na alama za vidole vitano, vyembamba, vyenye rangi ya hina. Alikimbia na kiatu kimoja.

Nikamwambia Sabiha, "Shoga, jini wa pazia unampelekea mwanaume? Ungekubali wewe?" Tukamleta Bi Zaibun, mjane wa mtaa wa Golimar anayesemezana na majini, bibi mfupi, mpole, hana makuu. Alisimama nje ya mlango wa gari, akatoa salamu, akasubiri. Kisha akaingia nyuma, akakaa, akafunga. Tulimsikia anaongea peke yake kwa adabu, anakaa kimya, anaitikia. Gulfam alikuwa ameelekea ukutani, hataki kesi.

Alipotoka uso umemshuka.

"Anataka mapazia yake," akasema kwa sauti ya chini.

"Haiwezekani," Tajammul akasema. "Ukaguzi ni kesho. Wakiona kitambaa dirishani wananifuta."

"Basi nyumba hii haina safari. Nimemwomba ahame, amesema ahame aende wapi akiwa wazi hivi. Amesema..." Akasita. "Amesema mwanaume mmoja tu ndiye amewahi kukaa mbele yake bila pazia. Hafidhi aliyekuwa akiwasomesha Kurani alipokuwa msichana. Na yule alikuwa kipofu."

Mimi mjinga nikacheka. "Anakumbuka usichana wake!"

Tajammul hakucheka. Wiki nne za mchanga kwenye kabureta zilikuwa zimempanda kichwani. Alilipiga boneti ngumi, mara mbili, tatu, machozi yanamtoka jicho lile bovu.

"Miaka kumi na minane! Sikiliza wewe uliye humo! Chukua chochote unachotaka kwangu! Chochote! Lakini mikono yangu iwe kwenye usukani huu mpaka Peshawar!"

"Baba Munib, nyamaza!" Sabiha akamshika mdomo.

"Neno hilo lirudishe," Bi Zaibun akanong'ona. "Lirudishe sasa hivi, kabla adhuhuri haijapita likafungika."

"Silirudishi!"

Injini ikawaka. Hakuna aliyegusa ufunguo. Ikawaka yenyewe, laini, kama paka aliyeshiba, na ukungu wa vioo ukafutika. Tajammul akacheka kama mtoto. Bi Zaibun akachukua viatu vyake, hakuaga.

Kwenye ukaguzi gari likapita. Siku tano zile hakuna kilichoharibika, hata plagi.

Asubuhi ya kuondoka tulikwenda wote kiwanjani. Magari arobaini, mashada ya maua, ngoma zinapigwa, harufu ya nihari, ule mchuzi mzito wa nyama. Jua limeshatoka, linachoma. Tajammul kavaa koti la marehemu baba yake, kakaa kwenye usukani, meno yote nje. Sabiha akaingiza mkono dirishani amfunge mkononi sarafu ya sadaka ya msafiri, na mikate ya samli ya njiani akamwekea pembeni.

"Sabiha," akasema mzee, "mbona wameanza msafara kabla hakujakucha? Hawajawasha hata taa."

Sabiha akamvua miwani. Macho yote mawili yalikuwa meupe, kama yai lililochemshwa na kumenywa.

Akapiga ukelele, akavuta mlango. Haukufunguka. Gulfam akaukamata kwa nguvu zake zote, viatu vikaburuzika kwenye lami, maana gari lilikuwa limeshaanza kwenda, taratibu, limeinama kidogo nyuma kushoto, likakata kona ya lango ambayo vijana wenye macho yao walikuwa wanaigonga, na mikono ya Tajammul iko juu ya usukani, lakini usukani ndio uliokuwa ukiizungusha mikono, naye anacheka, anawapungia watu asiowaona, na watu wanampungia, wanapiga makofi, "Mzee hoyee!"

Tulipiga simu kwa wakubwa wa chama. Wakatucheka. Kipofu? Wamemwona kwa macho yao Sukkur, wamemwona Multan, hakuna anayeendesha vizuri kama yeye, ila hashuki garini wala hali chakula. Siku ya tisa magari yote yakasimama Peshawar. Lake likakata utepe, halikupunguza mwendo, likaelekea milimani.

Ijumaa iliyofuata akapiga simu. Sabiha akaniita, tukaweka sikio moja moja.

"Baba Munib, rudi nyumbani! Peshawar ilishapita!"

"Naendesha, Sabiha! Wiki ya pili hii naendesha!" Furaha gani ile, jamani. Injini inanguruma nyuma yake, laini. "Ila usiku wa huku ni mrefu sana."

Ndipo tukamsikia mwanamke, si mbali, sauti ya kizamani, ya mtu aliyezoea kutiiwa.

"Pinda kushoto, dereva."

"Ndiyo, Begum," akajibu Tajammul, kama mtumishi kwa bibi mkubwa. Simu ikakatika.

Miaka arobaini Sabiha ameolewa na mtu yule, na hajawahi kujibiwa kwa upole namna ile.