Dirisha la Mashujaa

Jina la kituo hicho cha afya, kilichoko njiani kabla hujafika Masumbwe, silitaji. Nikilitaja watakimbilia kupaka rangi, maana ndiyo tiba pekee wanayoimudu. Mwaka juzi walisikia mgeni mkubwa anakuja, wakaandika juu ya dirisha moja kwa herufi za bluu: DIRISHA LA MASHUJAA. Mgeni akapigwa picha, akala mbuzi, akaondoka. Dirisha halikufunguliwa siku hiyo wala siku nyingine.

Jumatano moja Salvina, nesi wa miaka ishirini na tisa, alikuwa akipenya katikati ya msongamano wa wagonjwa na trei yake ya sindano. Akamwona mwanaume amesimama wima mbele ya dirisha hilo, shati jeupe limenyooka kwa pasi, mguu wa kushoto umezungushiwa bandeji chafu.

"Kaka, unamsubiri nani?"

"Nasubiri wafungue, dada. Nimeambiwa wanajeshi wastaafu tunahudumiwa hapa."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa moja."

Ilikuwa saa sita. "Pole. Hiyo ni stoo ya mafagio."

Mwanaume alilitazama dirisha, akamtazama Salvina na nywele zake mpya za twende kilioni, akaangua kicheko. "Basi nimelinda mafagio saa tano! Hata Kongo sikupewa lindo la maana hivi."

Kicheko hicho ndicho kilichomponza Salvina. Alimwingiza chumba cha vidonda, akamfungua bandeji. Aliitwa Jilala. Vipande vya bomu vilimwingia kwenye muundi huko Kongo alikokwenda kulinda amani, na sasa mfupa ulikuwa umeanza kuoza. Alihitaji rufaa ya kwenda Mwanza haraka, vinginevyo mguu ungekwenda na maji.

Kila jioni akitoka kazini Salvina alipita chumbani kwa Jilala kumsafisha kidonda. Akirudi nyumbani kwake, anampigia simu.

"Umekula, kamanda?"

"Nimekula ugali na sauti yako."

"Muongo! Sauti haishibishi mtu."

"Ndiyo maana namtaka mwenye sauti mwenyewe."

Rufaa ilikuwa mikononi mwa Donatus, mganga mfawidhi, mwanaume wa manukato mengi na dawa chache. "Nitasaini," alimwambia Salvina, akikagua ncha ya kiatu chake. "Ila faili linataka picha. Mpige akipokea dawa."

Pale kituoni hakuna karatasi iliyotembea bila picha, hata chandarua kilipokewa kwa tabasamu, kwa hiyo Salvina hakushangaa. Dawa zenyewe hazikuwepo, akachukua boksi tupu. "Tabasamu, mpenzi, ni ya faili tu." Jilala akatabasamu.

Wiki haijaisha, tabasamu hilo lilikuwa kwenye bango la turubai pale getini: SHUJAA WETU APATA TIBA BURE. Na kwa kuwa ameshatibiwa, Donatus alisema, rufaa ya nini tena?

Usiku ule Jilala ndiye aliyepiga simu.

"Boksi lilikuwa tupu, Salvina."

"Nilidanganywa, mpenzi."

"Na mimi je? Ulijua ni tupu, ukaniambia nitabasamu."

Akakata. Siku tisa hakupokea simu wala kumfungulia mlango. Salvina alilia, kisha akaona aibu kulia, maana lile alilosema Jilala lilikuwa kweli. Alirudi kwa Donatus, akapewa jibu moja: "Usituharibie takwimu." Mtu mzima, amesomeshwa udaktari, anauguza takwimu!

Siku ya kumi Mama Luka, mwenye nyumba ya Jilala, alimpigia. "Nesi, mtu wako anaweweseka kwa homa. Njoo."

Salvina hakuomba ruhusa kwa mtu. Alikodi gari, akampakia na godoro lake, wakaingia Mwanza bila rufaa. Daktari wa zamu, mama mmoja mpole, alifunua bandeji.

"Wiki mbili zilizopita tungeuokoa. Sasa tunakata chini ya goti, leo hii. Ndugu wa kusaini ni nani?"

"Mimi," akasema Salvina.

Jilala alifumbua macho. "Yaya, hapana. Usisaini kwa kunihurumia."

"Kwa huruma ningekuletea machungwa, nikarudi kazini. Nilikosea, Jilala. Nilijua boksi ni tupu nikakuambia utabasamu. Nifukuze ukitaka, lakini kesho, ukiwa mzima. Nakupenda, mbishi wewe."

Jilala alimtazama. Machozi yalimlengalenga, akayaacha.

"Kwenu Ushirombo watataka ng'ombe. Mimi sina hata ndama."

"Baba akikumbuka mdomo wangu atakuongezea ng'ombe wake."

Jilala alicheka, kicheko kikavu chenye homa. "Hapo kwenye fomu, palipoandikwa uhusiano, andika mke. Nikitoka mzima nakuja kujitambulisha, wanione na mguu wangu mmoja."

Salvina akaandika.

Huko kituoni mwezi ulifungwa kwa taarifa safi: mashujaa wote wamehudumiwa, malalamiko hakuna. Donatus aliisoma mwenyewe, wakampigia makofi.

Jilala alizinduka alfajiri. "Uliandika?"

"Niliandika."

"Mke?"

"Mke."

"Basi nishike mkono, mke wangu. Unauma."

"Mkono?"

"Mguu," alisema. "Ule waliokata."

Salvina akamshika kwa mikono yote miwili.