Aliyemwita Douce

Kompyuta ilimwita Douce kabla mama yake hajaigusa. Gentille alikuwa nje jikoni anasonga nsima, ugali wa huko, unga umempanda mpaka viwikoni, aliposikia kutoka ndani, "Douce, kuja kwa mama." Mtoto akampita mbio kuelekea ndani. Gentille alidhani mashine imekwama tu, akaendelea kusonga.

Mashine kuita halikuwa jambo la ajabu nyumbani mwao Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Tangu apasuliwe uvimbe wa koo kule Lilongwe, Gentille hakuwa na sauti. Daktari alisema huenda ingerudi, asubiri. Shemeji yake Rodrigue akamletea kompyuta kuukuu yenye programu ya kusoma maandishi. Haikuwa na picha wala cha kubofya, ni skrini nyeusi tu. Unaandika amri, yaani neno "sema", kisha maneno yako ndani ya alama za kunukuu, unabonyeza Enter, mashine inatamka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa pua. Gentille aliipandisha hadi ikakaribia ya mwanamke, akaridhika. Hakuwa na nguvu ya kutaka zaidi. Tangu Lilongwe moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, hausikii uchungu wala raha.

Shida ilikuwa Douce. Mama mkwe, Mathilde, alishamfundisha alivyofundishwa yeye kwao Uvira, Kongo, kando ya ziwa: usiitike sauti ambayo huoni mdomo wake. Siku za mwanzo, mashine ikiita, mtoto alijificha nyuma ya mlango. Gentille akatumia mandazi. Kila Douce alipoitika, "Niko, mama!" alipewa moja. Haikuchukua muda akawa anaitika hata kinywa kikiwa kimejaa.

"We unamufunza mubaya," Mathilde alimnong'oneza. "Mutoto akizoea kuitika kitu yenye haina kinywa, kila kitu itamuita."

Gentille akaandika. Mashine ikajibu, "Mama, ni programu tu."

Siku ile ya nsima alinawa mikono, akaenda kubonyeza mshale wa juu, ule unaorudisha amri ya mwisho. Ikatokea aliyoiandika asubuhi: "Sabuni imeisha." Jina la Douce halikuwepo. Mtu mwingine angepiga mayowe. Gentille alifunga kompyuta akaenda kupakua chakula.

Ikaita tena. Iliita Gentille akiwa kwenye cherehani, ikaita akiwa anaanika nguo, na kila mara nyumba ilibaki na harufu ya matope ya ziwa na dagaa wabichi.

"Iko kitu ya ziwa humu," Mathilde alisema kwa sauti ya chini, kajiziba pua kwa kitenge. "Ilitufuata."

Rodrigue akaichukua mashine, akapanda nayo minibasi hadi kwake Area 25, Lilongwe, akaichunguze. Huko haikusema neno ambalo hakuliandika.

Mchana mmoja baadaye, mashine ingali kwa Rodrigue, Gentille akishona mlangoni na Douce akicheza na vifungo miguuni pake, sauti ileile ya kubanwa pua iliita kutoka nyuma ya nyumba, kutoka kwenye mahindi, "Douce, kuja kwa mama," na mtoto akainuka, akaitika, "Niko, mama!" akaenda bila hata kumtazama mama aliyekuwa mbele yake, na ile harufu ya matope ikaja nzito, na Gentille akafungua mdomo kama alivyoufungua mara nyingi bure, kikapasuka kitu kooni, kikatoka kilio kikavu cha kukwaruza: "Douce!"

Mtoto aligeuka. Akaitazama midomo ya mama yake, kisha akaendelea na safari, maana sauti hiyo haikuwahi kumpa andazi. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Gentille alikimbia, akamdaka ukingoni mwa mahindi. Douce alikuwa baridi, amelowa mpaka magotini, na mvua haikuwa imenyesha.

Pasta Lévi wa kanisa lao alikuja na akina mama wa kwaya. Waliomba, wakaimba, wakakemea mpaka makoo yakakauka. Douce alianguka, akatoka jasho, akaomba maji. Harufu ikaisha.

"Imetoka," pasta alisema akijifuta uso. "Mushukuru Mungu."

Gentille alilia. Kulia kulimuuma, naye alifurahi kwamba kunauma.

Sauti yake ikapata nguvu siku hadi siku. Jioni moja alisonga nsima, akaita mwenyewe, "Douce, kuja kula!" Mtoto alikuwa ameketi ukutani. Hakusogea. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akakaa hivyo, kisha akaja kunawa mikono.

"Juu ya nini haukuje nilipokuita?" Gentille aliuliza.

"Nilikuwa nangoja ule mama mwengine aseme kwanza."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Na amesema nini?"

"Amesema leo nikuje kwako."

Gentille akampakulia. Alitaka kuuliza habari ya kesho, akafungua mdomo, na sauti haikutoka.