Gulizar na Shamba Lililolala

Nyie mnaofungua maji usiku kucha mkidhani ardhi haina mwisho, sogeeni. Nina neno nanyi, na sitalipaka asali.

Kijijini kwetu, katika tambarare ya Konya, vuli ikifika wanawake hukusanyika kuoka mikate myembamba ya kula majira yote ya baridi. Siku ile tulikuwa kwa jirani yangu Gulizar. Yeye anasukuma unga, mimi nageuza mikate kwenye bati la moto, wengine wanasengenya. Raha tupu. Mara tukasikia mngurumo shambani. Gulizar akatoka mbio na mikono yake ya unga. Mumewe, Satilmish, alikuwa ameleta mashine ya kuchimba kisima.

"Hata kuniuliza, mume wangu?"

"Nikuulize nini? Wenzetu wanavuna mahindi, sisi tunahesabu mawingu."

Kwetu mvua ni haba. Tangu enzi za mababu, mwaka mmoja tunapanda ngano, mwaka wa pili shamba linalala tupu, linywe theluji na mvua, liziwekee mbegu za mwaka unaofuata akiba ya maji. Lakini pampu zilipoingia, watu wakaona kungoja ni ujinga. Satilmish naye tamaa ikamwingia.

Mwanzoni kisima kilimwaga maji, mahindi yakastawi, na bwana akawa anatembea kifua mbele. Mwaka wa pili maji yakashuka, akaongeza mabomba. Bado hakutosheka. Akalitaka na shamba ambalo Gulizar alirithi kwa baba yake, lililokuwa limelala mwaka ule.

Gulizar akakataa katakata. Kila baada ya mvua alikuwa kule na jembe, anavunja ukoko wa udongo na kung'oa magugu katika shamba lisilo na kitu. Wanaume kwenye nyumba ya chai wakapata la kusema.

"Satilmish, mkeo anapalilia hewa. Usisahau kutualika siku ya mavuno."

Aibu ilimchoma. Siku moja, jua la mchana likiwaka, aliiacha pampu ikinguruma akaja nyumbani amefura. Nilikuwapo, nimekuja kuazima chekeche.

"Leo unanipa shamba, ama kila mtu ashike njia yake," alisema.

Gulizar alimpenda yule mtu, mimi namjua. Lakini alimjibu, "Njia nitashika. Shamba la baba yangu hulichimbi."

Hapo ndipo tulipohisi kishindo hadi sahani zikacheza rafuni. Tukakimbia. Pale penye pampu palikuwa na shimo la mviringo, refu hata chini hapaonekani. Limemeza pampu, mabomba na nusu ya mahindi. Maji yaliyokuwa yakiishikilia ardhi kwa chini yalikuwa yamenyonywa, ukabaki uwazi.

Satilmish akakaa chini.

"Mshukuru mkeo kwa ubishi wake," nilimwambia. "Usingekuja kugombana, sasa hivi tungekuwa tunakulilia."

Vuli ilipofika, Gulizar alimpeleka kwenye shamba lake. Juu palikuwa vumbi tupu. Akachimba hadi kiwiko, akamtia mumewe udongo kiganjani. Satilmish akaufinya, ukashikamana kama unga uliokandwa.

"Hii ni theluji ya mwaka jana," Gulizar alisema. "Hii ndiyo niliyokuwa naipalilia. Magugu yangeinywa yote."

Satilmish akakunja mikono ya shati. "Nianzie wapi?" aliuliza. Wakapanda pamoja.

Theluji ilikuja kidogo, mvua za machipuko zikawa za kuhesabu. Visima vya wenzetu vilikauka kimoja baada ya kingine, mahindi yakajikunja. Ngano ya Gulizar ilikuwa fupi, siwadanganyi, lakini masuke yaliinama kwa uzito. Siku ya mavuno kijiji kizima kilikuja, wanawake tukapiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Hata wale wa nyumba ya chai walikuja, wamenywea. Mmoja wao akajikaza, akaomba mbegu.

"Mbegu nitakupa, ndugu yangu," Gulizar alisema, "lakini kwanza nenda ukapalilie hewa."

Aliyecheka kuliko wote ni Satilmish. Mkate wa kwanza wa ngano ile aliumega yeye, na kipande cha kwanza akampa mkewe mbele yetu sote. Sasa kijijini mashamba yanalala kwa zamu, na shimo tumelizungushia uzio.

FUNZO

Tamaa mbele, mauti nyuma. Maji ya chini ni akiba ya wajukuu, na anayeyanyonya bila kiasi anachimba kaburi lake mwenyewe. Lipumzisheni shamba, lilindeni likiwa tupu kama mnavyolilinda likiwa na mazao. Na enyi waume, mke akisema hapana, kaeni chini mmsikilize kabla ardhi haijawajibu.