Duka la Ng'ambo ya Mto

Careen alisimama katikati ya soko la Ifakara ameinua simu juu, macho ameyafumba, gauni lake la njano likikoswakoswa na mikokoteni ya mpunga. Muuza vifaa vya simu, kijana mrefu mwenye kofia ya kufuma na shati lililonyooshwa vizuri, alimtazama hadi akashindwa kuvumilia.

"Dada, unanirekodi? Wewe ni mtu wa mapato?"

Careen akafumbua macho. "Narekodi mashine ya kukoboa. Umeshaniharibia."

"Mashine ina nini cha kusikiliza?"

"Natengeneza gemu. Msichana anavusha mchele Mto Kilombero kwa mtumbwi."

"Na daraja je?"

"Kwenye gemu yangu halijajengwa, kaka."

Yule muuza vifaa, jina lake Mudathiri, akacheka. "Na kasia atanunua wapi? Karibu, mteja wangu! Kuangalia ni bure!"

Simu ilikuwa bado inarekodi.

Ndivyo Mudathiri alivyoingia kwenye gemu: muuza duka wa ukingoni, kofia yake, sauti yake. Careen alikuwa amejifunza kazi ile peke yake, chumbani kwake mtaa wa Lipangalala, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Mama yake, Balbina, alijua tu kwamba binti yake "anafanya kompyuta." Sasa Careen alikuwa na Mudathiri, ambaye kila jioni aliijaribu gemu kwenye simu yake kuukuu.

"Laazizi, kiboko wako amekwama tena."

"Anapumzika huyo."

"Kichwa chini, miguu juu?"

"Mudi, nisahihishie, usinicheke!"

Kisha kampuni ya gemu ya Dar es Salaam ikamwita Careen kwenye usaili kwa njia ya video. Mudathiri alisema hongera, akaanza kupanga makava ya simu yaliyokuwa yamepangwa tayari. Hakuna aliyeuliza itakuwaje akipata.

Careen alimtumia toleo la mwisho ili alijaribu. Mudathiri alicheza peke yake dukani. Alinunua kasia, akavuka, akafika ng'ambo. Hapo akamgeuza msichana atazame alikotoka. Duka halikuwepo. Muuza duka hakuwepo. Palikuwa na majani matupu.

Akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Alidhani ameagwa.

Tangu siku hiyo simu za Careen ziliita bila kupokelewa. "Nina wateja," Mudathiri aliandika mara moja tu, basi. Careen alipopita dukani, alimkuta akimweleza mzee mmoja habari za chaja kwa urefu wa ajabu, bila kuinua macho. Akarudi nyumbani. Hataki niende, alijiambia, na jioni zake zikawa kama zamani, yeye na feni.

Siku ya usaili alivaa blauzi nyeupe na hereni za mama yake. Msaili, mwanamke mpole aitwaye Kudra, aliicheza gemu huku Careen akitazama.

"Viboko wazuri sana hawa," alisema. Akavuka mto. Akageuka. "Duka liko wapi?"

"Nimelifuta. Kila kinachobaki nyuma ya mchezaji nakifuta, simu ndogo isilemewe."

"Sawa, wengi hufanya hivyo. Lakini mchezaji anajuaje? Mimi nimemzoea yule kaka. Nimegeuka kumwangalia, hayupo."

Careen aliyakodolea macho yale majani matupu bila kupepesa. Kudra akadhani mtandao umekatika.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia. Kuna mtu mwingine aliyegeuka."

Baada ya usaili alilirudisha duka. Akamweka muuza duka mlangoni, akawasha taa. Simu ndogo ikakwama. Basi akawaondoa viboko, kazi aliyojivunia kuliko zote, mmoja baada ya mwingine, hadi gemu ikaenda. Akamtumia Mudathiri na maneno mawili: "Vuka. Geuka."

Hakujibu.

Kazi akapata. Huko Dar es Salaam, ofisini, kila mtu alivaa spika za masikioni na kutazama kioo chake. Mchana mzima ungeweza kupita bila kuitwa jina. Mara nyingine alifungua gemu yake ili tu asikie: karibu, mteja wangu.

Huko Ifakara ilinyesha mvua, soko likawa tupu. Mudathiri, kwa kukosa la kufanya, akafungua ule ujumbe aliokuwa akiukwepa.

Simu ya Careen ikaita ofisini.

"Umewapeleka wapi viboko?" Sauti ilikuwa ya chini.

"Nimewatoa. Hapakuwa na nafasi yao na duka."

"Mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Ungeniuliza, Mudi."

"Niliogopa utaniambia ndiyo."

Careen aliziba mdomo kwa kiganja. Nyuma ya sauti ya Mudathiri alisikia mvua kwenye mabati na, mbali kidogo, mashine ya kukoboa.

"Simu yangu inachemka," Mudathiri alisema. "Toka nilipovuka sijamwondoa hapa msichana wako. Anatazama taa."

"Mwache tu."

"Utarudi lini, laazizi?"

"Krismasi. Na wewe uje kabla."

"Nitakuja."

Hakuna aliyekata simu.