Mtu wa Kipimo

Tonge alianza kunyooshea mikono nguzo ya tatu ya ukumbi wa jengo siku ya Jumatatu, saa sita mchana, na mama yake akadhani ameona puto. Hakukuwa na puto. Ilikuwa nguzo tu, nyeupe, mpya, imepanda mpaka kwenye paa la kioo. Na mtoto wa miezi minane hachekei nguzo vile, anamchekea mtu anayetaka ambebe.

Mama Tonge alikuwa mpokea wageni wa jengo hilo, ghorofa kumi na mbili za maduka na ofisi, na mumewe ndiye msanifu aliyelichora. Kazi aliipata kwa sababu hiyo, wala hakuficha. Dada wa kazi alikuwa ameondoka bila kuaga, basi Tonge alilazwa kwenye mkeka nyuma ya meza ya mapokezi, na wateja wakimnyanyua waliguna, jamani, huyu mnamlisha mawe?

Jumanne ikaja harufu. Saruji mbichi, ile ya ukuta unaopigwa plasta, na jengo lilikuwa limemalizika miezi mitatu nyuma. Ilifika saa sita, ikaondoka saa sita na nusu. Jumatano ikaja na sauti, shh, shh, shh, taratibu, kama mtu anambembeleza mtoto alale, ila hapakuwa na mtoto aliyelia.

Alhamisi mlinzi, ambaye wote walimwita Kamanda ingawa hajawahi kuwa hata mgambo, alitoka mbio kwenye chumba chake cha kamera, akasimama mbele ya meza, akamtazama Mama Tonge, akatazama nguzo, akamtazama tena.

"Mama Tonge, umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Kwani vipi, Kamanda?"

"Nimekuona kwenye kamera sasa hivi umesimama kule. Umevaa gauni la maua."

Yeye alikuwa na sare ya kazi. Gauni la maua lilikuwa kabatini nyumbani, hajalivaa tangu siku aliyotoka hospitali na kichanga chake, na alitaka kumwambia Kamanda aache utani, lakini shingo yake iligeuka yenyewe na akamwona mwanamke chini ya nguzo, kimo chake yeye mwenyewe, kiuno chake, nywele alizosuka wakati ule, amempa mgongo nusu, mguu mmoja ameulegeza, na mikono yote miwili ameikunja kifuani kama aliyebeba, ila hajabeba kitu, hamna kitu mle, ni hewa, na hiyo hewa anaitikisa, shh, shh, na Tonge huku mkekani anacheka na kunyoosha mikono yake minene kama vile mama yake halisi hayupo hapo, na Mama Tonge akamnyakua akatoka nje juani bila viatu.

Jioni mumewe alimcheka. Akasema ni joto la kioo.

Ijumaa alimwacha mtoto kwa mdogo wake, mtaa wa tatu kutoka hapo. Saa sita simu ikaita.

"Dada, mbona mtoto wako anaunyooshea ukuta mikono?" Mdogo wake akashusha sauti. "Halafu humu ndani kwangu anajenga nani? Nasikia harufu ya saruji."

Jioni hiyo mumewe hakucheka. Alifungua kompyuta akamwonyesha picha aliyoichora kuvutia wapangaji, wakati ukumbi bado ni zege tupu. Jua la saa sita lilikuwa likishuka kutoka kwenye paa la kioo, na chini ya nguzo ya tatu alisimama mwanamke wa gauni la maua.

"Ni mtu wa kipimo," akasema. "Picha ya jengo lazima iwekewe mtu, ndipo urefu uonekane. Nilikutoa kwenye ile picha yako ya siku mlipotoka hospitali. Nilitaka uwemo, mke wangu."

"Siku ile nilikuwa nimembeba Tonge. Yuko wapi?"

"Mwenye jengo alisema mtoto anafanya ukumbi uonekane kama kliniki. Nikamfuta."

"Ukaiacha mikono."

"Sasa mikono nani anaiangalia?"

Mganga aliletwa Jumapili, maduka yamefungwa. Kamanda hakuacha utaratibu, alimwandikisha kwenye daftari na kumvalisha kitambulisho cha MGENI. Mzee akakisoma kifuani pake.

"Mgeni wa hapa si mimi peke yangu," akasema.

Alikaa chini ya nguzo mpaka saa sita ikapita. Aliponyanyuka, jasho lilimtiririka.

"Hawa walikuwepo kabla ya msingi. Hawakuwa na sura, wala hawakuwa na haja na mtu. Wewe bwana umempa mmoja wao sura, na mikono ya kubebea, kisha ukamnyima cha kubeba. Mfute. Mzima, kila alipochapwa, kuanzia ile picha kubwa pale kwenye lifti. Na msimpe kitu chochote."

Njiani Baba Tonge alinung'unika. "Bila mtu ukumbi hauonekani urefu wake. Na picha ile ndiyo iliyotuletea wapangaji."

"Utamfuta au humfuti?"

"Nitashughulikia."

Jumatano picha mpya ikatundikwa kwenye lifti. Mama Tonge hakuitazama, alipita pale uso kando, lakini saa sita ilipofika hakusikia harufu, hakusikia shh. Tonge akarudi mkekani. Alitulia kweli, hata njaa hakuililia, na Kamanda akarudi kutaniana na wateja. Usiku ule Mama Tonge alilala mpaka asubuhi.

Ijumaa, zikibaki dakika chache saa sita kufika, mama mmoja mteja alitoka kwenye lifti akitabasamu.

"Hongera, mwanangu. Wewe na mtoto mmependeza kwenye picha."

Mama Tonge alinyanyuka, akaenda, akatazama. Mwanamke wa gauni la maua alikuwa palepale. Mikononi alimpakata Tonge, si kichanga wa hospitali, Tonge wa wiki hii, na mashavu yake, na soksi moja, kwa sababu nyingine huwa anaivua.

Akampigia mumewe.

"Mikono ilikuwa mitupu, nimeijaza," akasema, mchangamfu. "Si ametulia? Jana hukuniambia mna amani? Na picha imekuwa nzuri, mke wangu, hata mwenye jengo safari hii amekubali..."

Simu ilimdondoka. Alikimbilia mkekani. Tonge alikuwa macho, anatazama juu. Akamnyanyua kwa nguvu zilezile alizozoea kumnyanyulia, na nusura amrushe, kwa sababu hakuwa na uzito, alikuwa kama nguo iliyoanuliwa kambani, na nywele zake zilinuka saruji mbichi. Akamwita. Akamtekenya shingoni, pale asipoweza kujizuia. Mdomo wa mtoto haukufunguka.

Jua likafika katikati ya paa la kioo. Nyuma ya nguzo ya tatu, Tonge akacheka.