Kikombe cha Kuonja

Kikombe kilipungua. Ndivyo mambo yalivyoanza, na kama Theodosia angelitia maanani asubuhi ileile, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nani ana muda wa kuchungulia kikombe kimoja wakati benchi zima limejaa watu wanaotetemeka?

Kilikuwa kipupwe cha mwaka sabini na sita, pale Kasulu, na baridi ya mwaka ule haikuwa ya mchezo. Ukungu ulishuka kutoka Heru Juu ukalala barabarani mpaka jua lilipopanda sana. Madereva wa malori ya Kibondo waliingia mgahawani kwa Theodosia wakipuliza vidole, wakiomba chochote cha moto. Mgahawa wenyewe ulikuwa nyumba yake: sebule ndiyo ya wateja, jiko liko nyuma, na pembeni chumba kimoja alicholala na bintiye Immakulata, mtoto wa miaka sita. Mumewe Leonidasi alikwenda Tanga kukata mkonge, akaandika mwanzo mwanzo, kisha akanyamaza.

Sasa huyu Theodosia alikuwa mwanamke mjanja. Aliona chai haiwatoshi watu, akabuni kinywaji chake. Alikaanga buni mpaka ikawa nyeusi na kutoa mafuta, akaitwanga pamoja na tangawizi kavu, mdalasini, iliki na karafuu kutoka duka la Abbasi, akachemsha, akakoroga na asali ya Busunzu. Birika likishaepuliwa, aliongeza gongo ya ndizi, maana ukiimimina birika lingali motoni inapaa yote. Watu wakakiita "koti". Gongo ni haramu serikalini, lakini hakuna askari wa kumkamata mtu kwa kuagiza koti.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kwao Waha, mwenye pombe huonja kwanza, mbele ya wageni, ndipo wageni wanywe. Hiyo si adabu tupu. Ni kusema: nyumba hii ni yangu, chungu hiki ni changu, na kama kuna ubaya humu basi unianze mimi. Na Theodosia hakuweza kuonja. Mwaka uliotangulia Immakulata aliugua surua hata watu wakaanza kuulizana habari za sanda, na mama mtu akapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akaapa kwamba mtoto huyu akipona, pombe haitagusa ulimi wake mpaka kufa. Mtoto akapona. Aliapa kutoionja, kuiuza hakukuapia. Wanaparokia wakasema walivyosema, naye akawajibu kwamba Bikira Maria hakumwuliza habari za biashara.

Basi siku ya kwanza ya koti, mzee Tharsisi, mrina asali wa Busunzu, alikataa kushika kikombe chake. Akamwambia mama Imma aonje kwanza. Theodosia, mikono imejaa, akamimina kikombe cha bati, akakiweka juu ya kinu karibu na mlango wa jikoni, akasema kwa mzaha:

"Ataonja mwenye nyumba. Mimi hapa mpishi tu."

Watu wakacheka, maana mwenye nyumba wote wanajua yuko Tanga. Wakanywa. Tharsisi hakucheka, ila baridi ilimshinda, naye akanywa. Theodosia alipokusanya vyombo akakuta kile cha juu ya kinu kimepungua funda moja, na ukingoni pana unyevu wa midomo. Akasema moyoni ni utingo mmoja mwenye tamaa. Akamwaga kilichobaki, akaendelea na kazi.

Tangu hapo ikawa mazoea. Kila asubuhi kikombe juu ya kinu, kila asubuhi maneno yaleyale, na kila asubuhi funda moja linakwenda. Biashara ikashamiri. Harufu ya karafuu ikawa kali jikoni hata siku ambazo karafuu zimemwishia, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo mbichi uliofukuliwa. Alifungua dirisha, alifagia, alipaka sakafu samadi upya. Wapi. Harufu ilikuwa palepale.

Kisha moto ukaanza kumtangulia. Aliamka alfajiri akakuta mafiga yana kuni, kuni zinawaka, birika lina joto. Mara ya kwanza alidhani alisahau kuzima. Mara ya pili alisimama mlangoni akasikiliza, na akasikia mtu akifyonza kitu cha moto polepole, kisha akishusha pumzi ya kuridhika, ile ya mzee aliyekaa kwake. Alipoingia hapakuwa na mtu. Aliogopa, nisikufiche, lakini alijiambia ni uchovu, maana wateja walikuwa wengi na yeye alikuwa peke yake.

Dereva mmoja aitwaye Ndayiragije, Mrundi aliyekimbilia huku miaka michache nyuma, ndiye aliyemfumbua macho. Alikuja adhuhuri kuaga, akamshukuru kwa ukarimu, akamsifia mwenye nyumba wake kuwa mkimya lakini anajua kukaribisha. Alfajiri ile alipitia mlango wa nyuma kukwepa ukungu, akamkuta mwanamume amejifunika blanketi karibu na moto, akamwambia karibu, akammiminia, akamwuliza habari za safari. Theodosia akamwuliza huyo mtu alikuwa na sura gani. Ndayiragije akakuna kichwa. Akakiri kwamba hakumbuki hata kama alikuwa na uso. Kisha akaondoka haraka, na hakupita tena mgahawani pale.

Asubuhi iliyofuata Theodosia hakutenga kikombe juu ya kinu. Jioni Immakulata akakataa kula. Alikaa mbele ya sahani, mikono mapajani, na alipoulizwa akasema baba hajamruhusu. Mama akamkumbusha kwamba baba yuko Tanga. Mtoto akamtazama kwa huruma, akasema, "Yule mwingine, mama. Mwenye nyumba." Kesho yake hakula. Kesho kutwa pia, ila maji kidogo, na shingo ya mtoto ikaanza kuonyesha mishipa kama wakati ule wa surua. Theodosia akarudisha kikombe juu ya kinu, na mtoto akala, lakini machache tu, yale aliyopimiwa na mtu ambaye mama hamwoni.

Akajaribu kukimbia. Alimfunga mtoto mgongoni mchana kweupe akashika njia ya Heru Juu kwa shangazi yake. Walipofika kijitoni mtoto akaanza kutetemeka, meno yakagongana, macho yakageuka juu, na kila hatua ya mbele ilimzidishia na kila hatua ya kurudi ilimpunguzia, hata mama akasimama katikati ya njia akilia kwa sauti, watu wakimpita wakidhani amefiwa. Akarudi.

Na jioni hiyohiyo, jua halijazama sawasawa, alimwacha mtoto ndani akatoka kuchota maji, na aliporudi na ndoo kichwani akakuta mlango umefungwa kwa ndani, mlango ambao kitasa chake kilikufa zamani na ambao hata kuku huufungua kwa kifua, akausukuma, akausukuma tena, akamwita Immakulata kwa jina na kwa majina yote ya kubembeleza aliyompa tangu akiwa tumboni, na ndani akasikia mtoto anacheka chinichini na vikombe vinagongana, na harufu ya karafuu na udongo mbichi ikimjia kupitia chini ya mlango mpaka maji yakaanza kumwagika mabegani bila yeye kuhisi baridi yake, ndipo sauti ya mwanamume, ya upole, isiyo na haraka yoyote, ikauliza kutoka ndani ya nyumba aliyoifyatulia matofali kwa mikono yake mwenyewe: "Nani?"

Alitua ndoo chini. Sauti ikangoja. Mwishowe, kwa kuwa mwanawe yumo ndani, alisema neno ambalo mtu hasemi mlangoni kwake.

"Hodi."

"Karibu, mgeni."

Mlango ukafunguka wenyewe. Immakulata alikuwa peke yake karibu na moto, kikombe cha bati mikononi, na pumzi yake ilinuka gongo.

Bi Mwajabu, mke wa Abbasi mwenye duka, alikuwa mtu wa Ujiji, na wazee wake walitoka pwani. Watu walimfuata kwa mambo ya majini kimyakimya, hata wale waliokuwa wakipiga ishara ya msalaba wakipita mlangoni kwake. Theodosia alimwendea asubuhi, akamwamkia, akaketi juu ya gunia la chumvi, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Bi Mwajabu alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza kitu kimoja: ni nani aliyekuwa anaonja?

Theodosia akamwambia yale maneno ya mzaha aliyokuwa akiyasema kila asubuhi.

"Mwanangu, huyu hakuvunja nyumba," bi Mwajabu alisema. "Alikuwa anapita na baridi yake, akasikia mwenye nyumba anaitwa aonje, na hapana aliyeitika. Akaitika yeye. Mimi siwezi kumfukuza mtu kwake."

"Kwake?"

"Wewe ndiye uliyempa."

Dawa ilikuwa moja, na haikuwa ya kununua. Azime moto wote, alete mwingine kutoka nyumba ya jirani, apike upya, aonje mwenyewe, ameze, kisha amkaribishe yule kama mgeni. Akinywa baada yake, amekuwa mgeni, na mgeni huondoka. Amsindikize mpaka njia panda kama ilivyo desturi. Na lolote atakaloambiwa huko, asijibu.

Theodosia akasema hawezi. Akaeleza kiapo chake, na kwamba uhai wa mtoto aliupata kwa ulimi ule. Akionja, atakuwa amekirudisha alichopewa. Bi Mwajabu hakubishana naye. Alimwuliza tu mtoto amekula nini leo. Theodosia alilia pale juu ya gunia mpaka mteja aliyekuja kununua sabuni akarudi mlangoni.

Magharibi ile wateja walifukuzwa wote. Moto ukazimwa kwa maji, jiko likajaa moshi na giza, na bi Mwajabu akaleta makaa kwenye kigae kutoka kwake. Mtoto alilazwa chumbani, dirisha limefungwa. Theodosia alikaanga, akatwanga, akachemsha. Aliweka asali. Alipomimina gongo alihisi mtu amesimama nyuma yake karibu sana, akimtazama kwa shauku ya mwenye nyumba anayengoja kuhudumiwa, na bi Mwajabu, aliyekuwa ameketi pembeni na tasbihi, akaacha kuhesabu.

Mkono wake ulikwenda kwenye kikombe, na kitu kikaushika kiganja, si kwa nguvu, kwa ubaridi tu, ule wa jiwe la mtoni, na ndani ya kichwa chake akamwona Immakulata kama alivyokuwa siku za surua, midomo imepasuka, akimwomba maji, na akajua anaonyeshwa bei ya kuonja. Alisita. Nasema alisita sana. Kisha alisema, "Bikira, nisamehe, sina njia nyingine," akainua kikombe na ubaridi ule ukining'inia mkononi, akanywa. Koti lilimchoma mpaka kifuani. Akameza, akajifuta mdomo.

"Nyumba hii ni yangu," alisema. "Nimeonja mimi. Karibu, mgeni."

Akamimina kikombe cha pili, akakiweka juu ya kinu. Halafu kikombe hicho kikaanza kupungua, taratibu, mpaka kikaisha. Aliyekinywa alishusha pumzi, na mara hii haikuwa ya kuridhika. Akasema, "Ahsante, mama."

Alimsindikiza. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, na kando yake katika vumbi kulikuwa na mchakacho wa miguu mitupu ya mtu asiyeonekana. Njia panda ya barabara ya Kibondo miguu ile ikasimama, na sauti ikasema kwa upole uleule kwamba amekaa kwa Theodosia vizuri, amekula na kunywa, sasa ni zamu ya watu wa nyumba hiyo kuja kwake. Je, watakuja? Theodosia aliuma ulimi. Sauti ikauliza tena. Akazidi kuuma mpaka akaonja damu. Mwishowe miguu ikaondoka, na ile harufu ya udongo ikaondoka nayo.

Alirudi mbio, analia na kucheka. Bi Mwajabu alikuwa bado jikoni akichochea yale makaa. Alinusa hewa, akamwambia nyumba imetakata, akachukua kigae chake akaenda zake. Theodosia akamwamsha mtoto, akasonga ugali, akapasha maharage, na Immakulata akala. Alikula kama zamani, kwa pupa, mchuzi ukimtiririka mpaka kwenye kiwiko, bila kumngoja mtu amruhusu. Mama alikaa akimtazama, akimshukuru Mungu na Bikira na bi Mwajabu kwa pamoja. Hakuna chakula kilichowahi kumfurahisha hivyo, naye hakukitia hata mdomoni.

"Mama," mtoto akasema, mdomo umejaa, "kwa nini hukumjibu mgeni?"

Theodosia akamwuliza mgeni gani.

"Yule uliyemsindikiza. Alirudi dirishani kuniaga, ulipokuwa bado njiani. Alisikitika, akasema amewakaribisha watu wa nyumba hii na hapana aliyemwitikia. Nikaona aibu." Akafuta sahani kwa kidole, akakilamba. "Nikamwitikia mimi. Nikasema ego, ndiyo, nitakuja."

"Lini, mwanangu?"

"Yuko hapo nje. Amesema hana haraka, nimalize kwanza kula."

Theodosia akaitazama sahani. Lilikuwa limebaki tonge moja, na mtoto alikuwa keshalishika.